Shajara ya mradi: kuimarisha PLA kwa nyuzi za katani

6 Januari: ninachotaka na nilichonacho

Nataka bamba la plastiki inayooza, unene wa milimita 3, lililo kakamavu (lisilobonyea kirahisi) kuliko PLA tupu na lisilo dhaifu kuliko hiyo. Basi. Sitengenezi chombo wala bidhaa, ni bamba tu ambalo mtu atalikata atakavyo.

PLA ni polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya asidi ya laktiki, inayopatikana kwa kuchachusha sukari ya mimea. Ikiwa peke yake ni ngumu lakini hukatika ghafla: unaikunja, inavumilia, inavumilia, kisha pap. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama MPa (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) 50 hadi 60. Katani, yaani nyuzi za mkonge, hufika MPa 400 hadi 700 kutegemea jani na usindikaji. Kwa hesabu ya haraka mtu angedhani ukitia nyuzi ndani ya plastiki, kazi imekwisha. Shajara hii ni habari ya kwa nini haikwishi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Gari la Trabant la Ujerumani Mashariki, lililoanza kuundwa 1957, lilikuwa na bodi ya resini ya fenoli iliyotiwa mabaki ya pamba. Bodi ile haikuyeyuka wala haikuoza, na hapo ndipo mimi nataka kuachana nayo njia.

Vifaa: mabamba mawili ya chuma yenye vipasha joto, jeki ya tani 6 ndani ya fremu ya chuma, kalibu ya milimita 150 kwa 150 kwa 3, tanuri ndogo, mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kalipa, na karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati). Mashine ya kuchanganya plastiki iliyoyeyuka sina, na jambo hilo litaamua mengi huko mbele. Jeki haina geji. Nahesabu mapigo ya mpini.

Gharama naziandika kwa gramu, saa na mabamba yaliyoharibika, maana hizo hazibadiliki ukihama.

Neno moja kabla sijaanza: Kiswahili kinatumia "nyuzi" kwa katani na "nyuzi" kwa joto. Humu nyuzi ni katani tu. Joto nitaliita digrii.

11 Januari: bamba tupu

Huwezi kusema umeimarisha kitu ambacho hukukipima. Nimekandamiza mabamba mawili ya PLA tupu, gramu 84 kila moja, kwa digrii 180, nikayakata kuwa fito za upana wa milimita 15.

Kipimo changu ni cha ndoo. Ufito unalazwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 48, yaani mara 16 ya unene wake, uwiano uleule wa ISO 178, kiwango cha kimataifa cha kupima mkunjo wa plastiki. Katikati inaning'inia ndoo, na maji yanamiminwa taratibu kwa faneli ileile hadi ufito ukatike. Kwa vipimo hivi kila kilo moja ni MPa 5.23 za mkunjo. Kwa ukakamavu napima ufito umebonyea kiasi gani kwenye kilo 5, kwa kipimo chenye uso kama wa saa kinachosoma sehemu ya mia ya milimita.

Siku ya kwanza matokeo yalikuwa ya chini na nilianza kulaumu plastiki. Kumbe nilisahau kujumlisha uzito wa ndoo yenyewe, kilo 0.9. Baada ya marekebisho, wastani wa fito tano: kilo 16.8, sawa na MPa 88. Ulio dhaifu zaidi 15.9, uliozidi wenzake 17.6. Kubonyea kwenye kilo 5: milimita 1.01, yaani ukakamavu wa GPa 3.3 (GPa moja ni MPa 1000).

Kosa jingine la siku hiyo limenifundisha kitu. PLA lazima ikaushwe kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu maji na joto pamoja hukata minyororo yake. Punje mpya nilizikausha kwa digrii 80, saa 4, zikatoka salama. Nikatia vipande vilivyobaki kwenye kingo za bamba kwa joto lilelile nivitumie tena: nikakuta donge moja limegandamana na sinia. Punje za kiwandani ni nyeupe kidogo kwa sababu zimekwisha kujipanga kuwa fuwele; vipande vyangu vilipoa haraka mno, havikupata nafasi ya kujipanga, na PLA ya namna hiyo hulegea kwenye digrii 55 hadi 60. Vipande kama hivyo sasa navikausha kwa digrii 45, usiku kucha.

15 Januari: bamba la kwanza lenye nyuzi, au tuseme sifongo

Nyuzi gramu 17.2, PLA gramu 69, yaani asilimia 20 kwa uzito. Nyuzi nilizikata milimita 3 kwa mkasi, nikazichanganya na punje kwa mkono, nikajaza kalibu, nikakandamiza.

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya ukoko na matundu kama mkate. Kona moja ilikuwa na plastiki tupu, nyingine ilikuwa na vifundo vya nyuzi kavu ambazo hazikuguswa na plastiki hata kidogo. Nimezichambua kwa kucha zikatoka kama zilivyoingia. Harufu ilikuwa ya kamba iliyoungua.

Makosa matatu ndani ya bamba moja, kwa hiyo nimeyatenganisha.

Matundu ni maji. Nilipima gramu 100 za nyuzi zile zile, nikaziweka kwenye tanuri ya digrii 105 usiku kucha, asubuhi zikawa gramu 90.1. Nyuzi zinazoonekana kavu mkononi zilibeba maji sehemu ya kumi ya uzito wake. Katika gramu zangu 17.2 hayo ni karibu gramu 1.7. Gramu 1.7 za maji kwenye digrii 180, zikiwa huru, ni zaidi ya lita 3 za mvuke. Nami nilikuwa nazifungia ndani ya bamba lisilofika sentimita 70 za ujazo!

Rangi ni joto. Kidhibiti kilisoma digrii 185. Nikatoboa kalibu ubavuni, nikapenyeza kihisi joto hadi karibu na katikati: 203. Selulosi, kitu kikuu kinachounda nyuzi, na wenzake hawapendi kupita digrii 200. Sasa kihisi kinakaa ndani ya kalibu, na sivuki 180.

Vifundo ni uchanganyaji. Bila mashine huwezi kuchanganya punje nene na nyuzi nyembamba. Punje hushuka chini, nyuzi hukumbatiana juu. Nimeacha. Badala yake nakandamiza kwanza PLA kuwa karatasi tano nyembamba, kisha napanga karatasi, tabaka la nyuzi, karatasi, tabaka la nyuzi, hadi matabaka manne ya nyuzi yaishe, ndipo naliyeyusha rundo zima. Kazi imeongezeka saa 2 kwa kila bamba. Vifundo vimekwisha.

Hasara: bamba 1, gramu 86 za malighafi.

24 Januari: nyuzi kavu, matokeo mabaya

Bamba safi, halina matundu, nyuzi zimetandaa vizuri. Nilijipongeza. Kisha ndoo ikasema: kilo 12.1, sawa na MPa 63. Ukakamavu umepanda hadi GPa 3.9, lakini nguvu imeshuka kwa zaidi ya robo. Nimetia nyuzi zenye nguvu mara kumi ya plastiki, nikapata kitu dhaifu kuliko plastiki.

Jibu liko kwenye uso wa mvunjiko. Chini ya kioo cha kukuzia, upande mmoja una nyuzi zilizosimama kama meno ya kitana, upande wa pili una vishimo vya mviringo vilivyo safi. Nyuzi hazikukatika. Zimechomoka, laini, hazina hata ganda la plastiki lililong'ang'ania. Plastiki haikuzishika.

Hapa pana hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kushika mkasi. Wanasayansi Kelly na Tyson waliieleza 1965: uzi ndani ya plastiki una urefu wa chini, na ukiwa mfupi kuliko huo utachomoka kabla haujatoa nguvu zake zote. Urefu huo ni nguvu ya uzi mara kipenyo chake, gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko kati ya uzi na plastiki. Kwa uzi wa MPa 500, kipenyo milimita 0.2, na mshiko mzuri wa MPa 10, napata milimita 5. Mshiko ukiwa nusu ya huo, milimita 10. Mimi nilikata milimita 3.

Nimerudia kwa nyuzi za milimita 10: kilo 13.0. Nafuu kidogo, ila bado zinachomoka. Urefu peke yake haunitoi. Inabidi kuushughulikia mshiko.

2 Februari: kostiki soda, na sufuria niliyoiua

Uzi wa mkonge si selulosi tupu. Una hemiselulosi, una lignini inayogandisha seli pamoja, na juu umepakwa nta na uchafu wa jani. PLA iliyoyeyuka inapofika inakutana na nta kwanza, kama rangi juu ya ukuta uliopakwa mafuta. Dawa ya kawaida ni kostiki soda, yaani hidroksidi ya sodiamu: inaondoa nta, inayeyusha sehemu kubwa ya hemiselulosi na kiasi cha lignini, na kuuacha uso ukiwa na mikwaruzo. Njia hiyo inaitwa jina la John Mercer wa Uingereza, aliyepata hataza ya kuitumia kwenye pamba 1850.

Usalama kwanza, na hili sitalirudia: miwani, glavu, dirisha wazi, kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya kostiki. Mchanganyiko unapata moto wenyewe.

Nilijua hayo yote, kisha nikamimina mchanganyiko kwenye sufuria ya alumini. Ndani ya dakika moja ukaanza kuchemka bila moto. Alumini na kostiki hutoa gesi ya hidrojeni, inayowaka. Nilikimbiza sufuria nje, nikaiacha imalize hasira zake. Ilipotulia ilikuwa nyeusi na imelika. Tumia ndoo ya plastiki au chuma cha pua.

Awamu ya pili nilitumia ndoo ya plastiki, asilimia 10, usiku kucha. Kwa nini 10? Kwa sababu nilifikiri ikiwa 5 inasafisha, 10 itasafisha zaidi. Asubuhi maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nyuzi zimekuwa za manjano hafifu, zimechanuka ncha, zinapendeza. Nimesuuza mara nne hadi karatasi ya pH ikasoma 7 kwenye maji ya kusuuzia. Nikakausha. Gramu 60 zimebaki 47.

5 Februari: bamba baya kuliko yote

Niliposukuma jeki, plastiki ilitoka pembeni mwa kalibu kama maji. Hiyo ilikuwa ishara, nami niliipuuza. Bamba lilipopoa lilikuwa la kahawia, lenye mng'ao wa ajabu. Nilipolikata kwa msumeno kipande kimoja kilivunjika mkononi kwa uzito wa msumeno tu. Ndoo: kilo 6.4, MPa 33.

Baada ya wiki nne za kazi nina bamba lisilofika nusu ya PLA tupu. Nimefunga mlango nikaenda zangu.

9 hadi 14 Februari: kumtafuta mwizi

Watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni nyuzi zenyewe: huenda asilimia 10 usiku kucha imezila. Ukizikunja zinakatika kama kijiti, na hasara ya uzito ya karibu asilimia 22 inasema nimeondoa zaidi ya uchafu. Wa pili ni ile plastiki iliyotoka kama maji. PLA haiwi nyepesi hivyo kwenye digrii 180 isipokuwa minyororo yake imekatwa, na kostiki ni mkataji hodari wa minyororo ya aina hiyo.

Lakini pH ilikuwa 7! Ndiyo, ya maji ya kusuuzia. Nimechukua gramu 2 za nyuzi zilezile "safi", nikazichemsha dakika kumi katika maji yaliyotoneshwa, nikachovya karatasi: bluu iliyoiva, karibu 10. Uzi wa mkonge ni fungu la seli ndefu zenye uwazi katikati, mithili ya mirija iliyofungwa pamoja. Kostiki ilikuwa imejificha ndani ya mirija. Mimi nilikuwa nasafisha ngozi tu.

Kuthibitisha, nilitengeneza mabamba mawili madogo. La kwanza: nyuzi zilezile zilizoliwa na asilimia 10, ila sasa nimezituliza kwa asidi. La pili: nyuzi mpya, asilimia 5 kwa saa 3, nzima kabisa zikikunjwa, lakini zimesuuzwa kwa haraka kama mwanzo. Kama tatizo ni nyuzi kuliwa, la pili litashinda. Kama ni kostiki iliyobaki, la kwanza litashinda.

La kwanza: kilo 10.8. La pili: kilo 7.9, na plastiki ilitoka tena pembeni kama maji. Nyuzi nzima zenye kostiki zimeshindwa na nyuzi zilizoliwa lakini tulivu. Mwizi mkubwa ni mabaki ya kostiki. Ukali wa dawa ni mwizi mdogo, lakini naye ni mwizi.

Utaratibu wangu tangu leo, na kama utanakili kitu kimoja kwenye shajara hii nakili hiki. Kostiki ya asilimia 5, uzito kwa ujazo, mililita 20 za mchanganyiko kwa kila gramu ya nyuzi, saa 3 kwenye joto la chumba. Suuza mara tatu. Loweka nusu saa katika asidi ya asetiki ya asilimia 1. Suuza tena mara mbili. Kisha loweka katika maji yaliyotoneshwa saa 6, ukamue uzi, na upime pH ya kile kilichotoka ndani yake, si ya maji ya kwenye ndoo. Ikizidi 7.5, rudia. Mimi nimerudia mara mbili. Mwisho digrii 80 saa 12, na nyuzi ziende moja kwa moja kutoka tanurini hadi kwenye kalibu, maana zikikaa mezani zinaanza kunywa unyevu wa hewa. Nilipima: saa moja mezani ilirudisha asilimia 3.

Maji machafu ya kostiki hayamwagwi hivihivi. Nayachanganya na yale ya asidi hadi pH ikaribie 7.

Hasara ya awamu hii: mabamba 3 pamoja na la tarehe 5, gramu 120 za nyuzi, sufuria moja, na siku kumi na mbili.

22 Februari: kilo 15.3

Gramu 60 za nyuzi zimebaki 52. Plastiki haikukimbia. Bamba ni la rangi ya asali, na ukiliinua kwenye mwanga unaona nyuzi zikipitana.

Kilo 15.3, sawa na MPa 80. Ukakamavu GPa 4.65, yaani umezidi PLA tupu kwa asilimia 40. Kwenye mvunjiko meno ya kitana yamepungua. Nyuzi nyingi zimekatika karibu na uso, na zile zilizochomoka zimetoka na vipande vya plastiki mgongoni, kama mihogo inayong'olewa na udongo wake. Sikuwahi kufurahia uchafu kiasi hiki.

Lakini lengo langu lilisema "lisilo dhaifu kuliko PLA tupu", na 15.3 bado ni chini ya 16.8. Sijafika.

4 Machi: tamaa ya asilimia 30

Nilidhani nitaongeza nyuzi na nguvu itafuata. Asilimia 30 kwa uzito ni kama 27 kwa ujazo, siyo nyingi kwa hesabu ya maandishi. Bamba lilitoka limejaa, lakini kwenye kingo nyuzi zilikuwa nyeupe na kavu. Densiti ilipaswa kuwa gramu 1.30 kwa sentimita moja ya ujazo, nimelipima kwa kulizamisha majini, 1.15. Yaani sehemu zaidi ya moja ya kumi ya bamba ni hewa. Bamba la tarehe 22 lilikuwa 1.25 dhidi ya 1.28 za hesabu, hewa asilimia 2 tu.

Ndoo: kilo 12.6. Tatizo si nyuzi, ni jeki yangu. PLA ni nzito kama uji ulioiva na haipenyi kwenye tabaka nene bila msukumo mkubwa kuliko nilio nao. Mwenye mashine ya nguvu anaweza kufika 30 na kupita. Mimi narudi 20.

15 Machi: silani

Kostiki imesafisha uso, lakini uzi bado ni kiumbe kinachopenda maji na PLA bado ni kiumbe kisichoyapenda. Silani ni molekuli ya kuwapatanisha: upande mmoja hushikana na uzi, upande mwingine huelewana na plastiki. Nimetumia yenye kundi la epoksi, gramu 2.5 kwa gramu 50 za nyuzi, katika ethanoli na maji 60 kwa 40, pH 4 kwa matone ya asidi ya asetiki.

Ina wakati wake. Ikitiwa ndani ya maji lazima iachwe kama saa moja ifunguke, lakini ikikaa mno inaanza kushikana yenyewe kwa yenyewe badala ya kushika uzi. Jaribio la kwanza niliitengeneza Ijumaa jioni nikaitumia Jumapili; nilikuta mchanganyiko umekuwa kama maji ya mchele, na nyuzi zilitoka na vumbi jeupe. Gramu 2.5 za silani zimekwenda. Jaribio la pili: saa moja, mchanganyiko ukiwa bado angavu, nyuzi zikaloweka saa 2, zikapigwa hewa usiku kucha, kisha digrii 110 saa moja.

Kilo 16.9. MPa 88. Ukakamavu GPa 4.7. Ufito dhaifu kuliko wote ulikuwa 15.8. Siwezi kusema nimeizidi PLA tupu kwa nguvu, maana tofauti ya kilo 0.1 inamezwa na tofauti ya ufito kwa ufito. Naweza kusema sijapungukiwa, na ukakamavu nimeupata. Ndilo lililoandikwa tarehe 6 Januari.

27 Machi: siku saba majini

Hapa ndipo silani ilipolipa deni lake. Fito za aina nne zimekaa majini wiki nzima. PLA tupu imeongezeka uzito kwa asilimia 0.6 na kukatika kwenye kilo 16.5. Yenye nyuzi mbichi (zisizotiwa dawa) imeongezeka asilimia 7.1, imevimba, na kukatika kwenye kilo 8.7. Ya kostiki peke yake: asilimia 4.9 na kilo 11.9. Ya kostiki na silani: asilimia 3.4 na kilo 14.4.

Ukitazama ubavuni utaona maji yanaingia wapi: pale msumeno ulipokata nyuzi, kila mrija umeachwa wazi. Nimechukua fito nyingine za silani nikaziba kingo kwa ukanda mwembamba wa PLA na pasi ya moto, zikaongezeka asilimia 1.9 tu. Dakika kumi za kazi. Ningejua ningeanza nalo.

6 Aprili: je, linaoza?

Neno "inayooza" linasemwa kirahisi mno. PLA ikifukiwa kwenye udongo wa baridi au kutupwa baharini hukaa miaka. Inahitaji mbolea yenye joto, karibu digrii 58, na unyevu, ili maji yakate minyororo kwanza, kisha vijidudu vitafune vipande vilivyokatwa. Kiwango cha Ulaya EN 13432 kinataka baada ya wiki 12 za mbolea kisibaki zaidi ya asilimia 10 kwenye chekecheo la milimita 2.

Nimetengeneza sanduku la povu lenye kipasha joto na kidhibiti, nikajaza mbolea changa, nikafukia fito: tupu, ya kostiki, ya silani. Na kwa udadisi, mabaki ya bamba la tarehe 5 Februari.

23 Mei: siku ya 47

Wiki ya kwanza fito zote zilipinda kama ndizi, jambo nililopaswa kulitarajia: digrii 58 ni palepale PLA inapolegea. Zilibadilika pia kuwa nyeupe kama chaki. Nilipima uzito wiki ya pili nikakuta umepanda. Nilikuwa napima maji na udongo. Tangu hapo naosha na kukausha kwanza.

Leo ufito tupu ungali mzima lakini unavunjika kwa vidole viwili. Wa kostiki na wa silani zimepasuka kando ya nyuzi, ukungu umeingia kwenye nyufa, na ukizikunja zinaacha unga mweupe na nyuzi zilizolegea. Wa silani umechelewa kidogo, kama ulivyochelewa kunywa maji.

Bamba la tarehe 5 Februari sikulipata. Nimepitisha mbolea yote kwenye chekecheo mara mbili, nikaambulia nyuzi chache za kahawia zilizokuwa zikikatika nikizigusa.